Kitochi cha leza na roho za watu angani

Kuna jambo linaonekana la kitoto lakini mimi naona ni la roho za watu. Vile vitochi vya leza, hasa vya kijani, huku kwetu Karagwe na Kyerwa vijana wanavichukulia mchezo. Ndege ikipita usiku mtu anajaribu kama mwanga utafika. Jamani, unafika!

Wapenzi wa soka mnakumbuka Machi 29, 2022, Senegal na Misri. Mohamed Salah anakwenda kupiga penalti, uso wote kijani kwa leza za mashabiki, mpira ukapaa juu. FIFA wakaipiga Senegal faini ya faranga za Uswisi 175,000 kwa fujo za siku ile, leza zikiwemo. Salah alikosa goli tu. Rubani je?

Iko hivi: mwanga wa leza unatoka mwembamba, ila kadiri unavyokwenda mbali unatanuka. Ukigonga kioo cha ndege unatawanyika, chumba cha rubani kinajaa kijani. Macho yaliyozoea giza yanaweza kupofuka kwa sekunde kadhaa. Ndege ikiwa inatua, sekunde hizo ni nyingi mno.

Marekani mwaka 2023 ziliripotiwa kesi 13,304 za ndege kumulikwa, yaani zaidi ya 36 kila siku. Kifungo kule ni hadi miaka 5, na Uingereza ni hivyo hivyo kwa sheria yao ya 2018.

Utasema uwanja wetu wa karibu ni Bukoba, ndege zenyewe za kuhesabu. Sawa. Lakini Novemba 6, 2022 tuliona wenyewe ndege ya Precision Air ikiingia ziwani pale Bukoba ikitaka kutua. Kati ya watu 43, 19 walifariki. Ilikuwa asubuhi, hali ya hewa mbaya, leza haihusiki kabisa. Nachosema ni kwamba dakika za kutua hazitaki mzaha wa aina yoyote.

Halafu wengi wetu tukienda Dar kutafuta maisha tunapanga Kipawa au Kiwalani, ndege zinapita juu ya bati usiku kucha. Ukienda na tabia hiyo, hapo ni balaa.

Polisi kumsaka mtu aliyewasha kitochi migombani gizani ni kazi. Tuanze sisi: muuzaji amwambie mnunuzi, mwalimu aseme darasani, na mshikaji wako akikinyanyua juu, mshushe mkono.

Naomba kuwakilisha. Mnasemaje wadau?