Maziwa safi yalipwe bei yake

Kila alfajiri katika vijiji vya Nyandarua, Kiambu na Meru, wafugaji husimama kando ya barabara wakisubiri gari la maziwa. Mmoja ameosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakipangusa kwa kitambaa kikavu na kukamulia kwenye mkebe wa alumini. Jirani yake amemkamua ng'ombe akiwa topeni, na maziwa yake yamo ndani ya mtungi wa plastiki uliowahi kubeba mafuta ya kupikia, wenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono wa kuusugua. Karani anapima, anaandika kitabuni, kisha maziwa ya wote wawili yanamiminwa katika mkebe mmoja. Mwisho wa mwezi watalipwa bei ile ile kwa kila kilo.

Hicho ndicho kiini cha tatizo la ubora wa maziwa humu nchini, wala si ujinga wa mfugaji kama inavyodaiwa katika semina nyingi. Mfugaji ameshafundishwa usafi. Anachofanya ni hesabu. Maji ya moto yanataka kuni, mkebe wa alumini ni ghali kuliko mtungi wa plastiki, na zizi lisilo na tope linataka saruji. Gharama hizo zote ni zake, na hakuna hata senti inayorudi.

Vipimo vya kituoni navyo havimsaidii aliye mwangalifu. Laktomita humnasa aliyetia maji. Kipimo cha alkoholi huonyesha maziwa yaliyoanza kuchacha, kwani huganda yakichanganywa nayo. Yakishavuka hapo yanahesabiwa kuwa mazuri, hata kama yamejaa bakteria na yatachacha saa mbili baadaye. Wala vipimo hivyo havitambui dawa aliyodungwa ng'ombe juzi.

Maziwa hutoka kwenye chuchu yakiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Katika joto hilo bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila nusu saa, maana yake mmoja anakuwa zaidi ya 1,000 baada ya saa tano. Mtambo wa kupozea hushusha joto hadi nyuzi 4 na kupunguza kasi hiyo, lakini hauwaondoi waliokwisha kuingia. Kununua mitambo ni jambo jema, ila uchafu ulioingia zizini hupozwa pamoja na maziwa.

Suala la dawa ni gumu zaidi. Ng'ombe akiugua kiwele hutibiwa kwa viuavijasumu, na lebo hutaja siku ambazo maziwa yake hayafai kuuzwa, mara nyingi tatu au zaidi. Mwenye ng'ombe mmoja, anayetegemea maziwa hayo kwa unga na karo, huambiwa amwage mapato yake yote ya siku hizo. Wengi hawamwagi. Kuchemsha hakuziondoi dawa zote, na zikifika kiwandani zinaweza kuua chachu inayogandisha mtindi, tangi zima likaharibika. Aliyesababisha hasara hajulikani, hivyo inawaangukia wote.

Ilipotangazwa kwamba New KCC ingelipa Sh50 kwa lita kuanzia Machi 2024, wafugaji walifurahi, na walikuwa na haki. Hata hivyo, bei ya jumla inapopanda, msafi na mchafu hupanda nayo sawasawa.

Njia nyingine imejaribiwa humu humu. Katika miaka ya 2010, kampuni ya Happy Cow ya Nakuru, inayotengeneza jibini na mtindi, ilianza kuvilipa vyama vya ushirika nyongeza kulingana na idadi ya bakteria, mabaki ya dawa, maji yaliyoongezwa na kiasi cha kile kinachobaki maji ya maziwa yakiondolewa. Haikuwa hisani, kwani maziwa mabovu hayatoi jibini nzuri.

Mameneja wengi wa vyama watasema haiwezekani kupima maziwa ya watu 2,000 wanaoleta lita tatu tatu. Si lazima. Sampuli inaweza kuchukuliwa kwenye kila mkebe mara mbili kwa mwezi bila taarifa, na kundi linalojaza mkebe huo likalipwa kwa matokeo yake. Hakuna mkaguzi mkali kama jirani aliyekosa nyongeza kwa sababu yako. Dereva na mwendeshaji bodaboda nao waingizwe katika mpango huo, kwani akiegesha kwenda kunywa chai jua likiwaka, kazi ya alfajiri nzima inapotea.

Kuna jambo ambalo vyama hupenda kulikwepa. Mchuuzi hulipa pesa taslimu papo hapo na haulizi kitu. Chama kikikaza masharti huku malipo yakichelewa miezi miwili, maziwa yaliyokataliwa hayatamwagwa. Yatapitia kwa mchuuzi hadi kwenye vibanda vya chai mjini, pamoja na dawa zake.

Kwa hivyo nyongeza ya ubora ilipwe kwa wakati, iwe na mstari wake kwenye karatasi ya malipo, na aliyeikosa aandikiwe sababu: bakteria, maji au dawa. Wanachama wana nafasi ya kudai hilo katika mkutano wa mwaka wa chama, kabla ya kura za kuwachagua wakurugenzi kupigwa.