Andika, Hata Kama Hakuna Atakayesoma

Leo nina jambo zito kidogo, kwa hiyo vuteni viti, tusikimbizane.

Kila mwaka ikifika tarehe 21 Mei, Tanzania hukumbuka MV Bukoba. Au niseme hukumbuka kwa dakika chache. Redioni utasikia tarehe, utasikia idadi ya waliokufa, kisha linafuata tangazo la biashara. Kule Igoma, Mwanza, kwenye makaburi ya waliozama, watu huenda na maua na sala. Jioni imekwisha, tunasubiri mwaka mwingine.

Sina ugomvi na kumbukumbu hizo. Ninachosema ni kwamba hazitoshi. Kuna kazi moja ambayo serikali haiwezi kuifanya, viongozi wa dini hawawezi kuifanya, na sisi waandishi wa habari hatuwezi kuifanya. Ni kazi ya aliyefiwa mwenyewe kukaa chini na kuandika kisa chake. Kwa mkono wake, kwa lugha yake, na kwanza kabisa kwa ajili yake.

Najua kuna mtu ameshaguna: "Watu walikufa, wewe unatuletea habari za kalamu na karatasi?" Nivumilie. Nitakuambia kwa nini.

Kwa wadogo zangu ambao hawakuwepo, nikumbushe kwa kifupi. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli ya MV Bukoba iliondoka Bukoba kuelekea Mwanza, safari ya usiku iliyozoeleka kabisa na watu wa Kagera. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikapinduka. Rais Benjamin Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo.

Walikufa wangapi? Hapo ndipo penye kidonda. Wapo wanaotaja zaidi ya 800, wapo wanaotaja 1,000. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, peke yake ikiwa imeshapita uwezo wa meli. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Umenisoma vizuri? Halikuwa na orodha! Wale waliokaa chini na mizigo, wachuuzi na mikungu yao ya ndizi, akina mama na watoto mgongoni, walipanda bila jina na wakazama bila jina.

Sasa niambie, ndugu msomaji. Kama ndugu yako alikuwa daraja la tatu na mwili wake haukuonekana, una nini mkononi? Huna kaburi, na huna hata mstari mmoja kwenye karatasi ya serikali unaosema alikuwepo. Una kumbukumbu yako tu, nayo inazeeka pamoja nawe.

Hili ninalisema kwa sababu lipo nyumbani kwetu. Mama yangu alimpoteza mdogo wake kwenye meli ile. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimemjua mama mdogo kwa picha moja ya studio, amesimama mbele ya pazia lenye maua, mkono kiunoni. Katika kukua kwangu kote mama alisema sentensi moja tu juu yake: "Alikwenda Mwanza kuchukua mitumba." Ukiuliza zaidi, anainuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata kama jiko limezimwa.

Miaka michache iliyopita nilimnunulia daftari. Sikumhoji, maana mama hahojiwi. Nilimwambia tu, "Mama, andika juu ya mama mdogo. Mimi sitasoma." Daftari lilikaa kabatini miezi. Kisha siku moja akaanza, na akaandika jioni kadhaa mfululizo, Kihaya na Kiswahili vikiwa vimechanganyika. Baadaye aliniita akanisomea ukurasa mmoja, na amenipa ruhusa niandike hapa sentensi moja iliyokuwa ndani yake: "Nauli nilimpa mimi, nikampa ya daraja la tatu."

Jamani. Zaidi ya miaka 20 mama yangu alikuwa anaamini kwamba amemuua mdogo wake kwa kubana pesa! Na hakuna aliyejua. Baba hakujua, bibi alikufa bila kujua. Siku tatu za maombolezo hazikuufikia mzigo huo. Hotuba hazikuufikia. Tume na kesi mahakamani hazikuufikia, maana hakuna hakimu aliyewahi kumwuliza mama yangu swali hilo.

Lakini cha kushangaza ni kilichofuata. Katika kurasa za mwisho, alisema, alianza kujijibu mwenyewe. Kwamba hakuwa na pesa nyingine. Kwamba wa daraja la kwanza nao walikufa. Kwamba meli haikuzamishwa na nauli ya mtu mmoja. Ilizama ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na aliyekata tiketi hakuwa na namna ya kuhesabu waliomtangulia. Mambo haya ungeweza kumwambia mara mia, angekuitikia kwa adabu, "ndiyo mwanangu", na asiyaamini. Aliyaamini alipoyaona kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema kuandika si mapambo. Uchungu ukikaa kichwani hauna mwanzo wala mwisho, unazunguka tu kama ng'ombe kwenye mti aliofungiwa. Ukiuweka kwenye karatasi unalazimika kuupanga: kwanza hiki, halafu kile, kwa sababu ya hiki. Ukishaupanga, unaweza kuona kipi ni chako na kipi ulibebeshwa.

Wataalamu nao wamelichungulia jambo hili. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo. Baadhi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya mambo yaliyowaumiza zaidi maishani. Wengine waliandika mambo ya kawaida tu. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti zake za baadaye zikaonyesha kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao siku hadi siku maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" yaliongezeka katika maandishi yao. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama na kurasa zake za mwisho.

Nisiwauzie dawa ya mitaani inayotibu magonjwa 40. Tafiti nyingi zilizofuata, zilipojumlishwa, zimeonyesha kuwa faida ipo lakini ni ndogo, na haimfikii kila mtu. Vilevile imeonekana kwamba kumlazimisha mtu aeleze yote mara tu baada ya janga, katika kikao kimoja, hakumsaidii na kunaweza kumdhuru. Kwa hiyo nyie mnaokwenda msibani siku ya pili na kumwambia mfiwa "toa yote, utapona", hebu mwacheni kwanza anywe uji. Kuandika kuna wakati wake, na mwenye wakati huo ni mfiwa.

Utaniuliza, mbona kuna tume, kuna vyombo vya habari, si watu wanasimulia huko? Wanasimulia, ndiyo. Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua zaidi ya watu 1,100, iliundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi juu ya dhuluma za miaka mingi, na ripoti yake ikakabidhiwa kwa Rais mwaka 2013. Ile ni kazi kubwa na ya lazima. Lakini taarifa ya tume hujibu maswali ya tume: nani, lini, wapi, shahidi ni nani. Haina nafasi ya mkono kiunoni mbele ya pazia la maua. Sisi wanahabari ndio usiseme. Mtu anasimulia saa nzima, inarushwa hewani sekunde 40, na kwa kawaida zile alizolia.

Kisa ulichokiandika mwenyewe hakikatwi na mhariri. Unaamua kianzie wapi na kiishie wapi. Kwa mtu ambaye msiba ulimnyang'anya uamuzi wa kila kitu, hilo si jambo dogo. Nchini Rwanda, Yolande Mukagasana, muuguzi aliyepoteza mume na watoto wake watatu katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alitoa kitabu cha ushuhuda wake mwaka 1997. Watoto wake hawakurudi. Lakini hawakubaki kuwa sehemu ya tarakimu tu.

Wapo wanaosema huko ni kufukua makaburi, yaliyopita si ndwele. Mimi nauliza, makaburi yapi? Wengi wa daraja la tatu hawana kaburi la kufukua! Na yaliyopita yangekuwa si ndwele, mama yangu asingekuwa anaamka kutazama chungu kisicho na moto. Wengine husema yote ni mapenzi ya Mungu, tunyamaze. Naheshimu imani, nami ninayo. Ila sijaona dini inayomkataza mfiwa kulitaja jina la marehemu wake na kusema jinsi alivyompenda.

Haya basi, nani anataka kujaribu? Si lazima uwe mwandishi, na hili si shindano la insha. Tafuta daftari la kawaida na sehemu ambayo watoto hawatakukatiza. Andika dakika 15 au 20, siku tatu au nne, halafu pumzika. Kama kifo ni kizito, anza na uhai: alicheka vipi, alipenda chakula gani, alikuwa anakudai nini. Usijali herufi kubwa wala nukta. Andika kwa lugha unayolilia, iwe Kihaya, Kisukuma, Kikerewe au Kipemba. Ukimaliza, daftari ni lako: lifungie, lichome, au mpe mtu unayemwamini. Ukiona usingizi unakukimbia wiki nzima au mawazo mabaya yanazidi, acha kuandika na nenda hospitali ukaonane na mtaalamu. Si aibu.

Na kama mzee wako hajui kuandika, mjukuu ashike kalamu. Ila sharti ni moja: andika anachosema yeye, usimpambie.

Nina ombi moja la nyongeza kwa familia zenye mtu wa daraja la tatu. Hata kama kisa chenu kitabaki siri, ukurasa mmoja uwe wazi: jina lake kamili, kijiji alichotoka, alikuwa anakwenda kufanya nini, alibeba nini. Uwekeni pamoja na vyeti vya nyumba na vya kuzaliwa. Orodha ambayo haikuandikwa bandarini mwaka 1996 inaweza kuandikwa leo, nyumba kwa nyumba, na sisi wenyewe.

Wala tusidhani hii ni habari ya wazee. Tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati la Ukara, ikaua zaidi ya watu 220, wakati uwezo wake ulikuwa abiria 101. Ukisoma habari za ajali hizo unakuta maneno yale yale: idadi haijulikani, watu walizidi, orodha ina utata. Kule Pemba na Ukara kuna watu wengi leo wanaoinuka kwenda kutazama chungu kila jina fulani linapotajwa. Wengine ni vijana wa umri wangu.

Taifa linahesabu, linaomboleza siku tatu au nne, linapandisha bendera na kuendelea na safari. Silaumu, taifa lazima liendelee. Lakini mfiwa hana haja ya kusubiri mtu wa redio aje tarehe fulani kumwuliza anajisikiaje. Daftari halina tarehe maalumu. Mama mdogo wangu alikuwa na miaka 24, alitoka Kamachumu, alikuwa anakwenda kuchukua mitumba, na nauli alipewa na dada yake aliyempenda. Sasa imeandikwa.

Wewe wako alikuwa nani? Chukua kalamu.

Alamsiki.