Mlima Rahisi Haupo

Nalipinga neno hili "mlima rahisi", ambalo kwalo vijana wa Nairobi huuziwa safari za Jumamosi kwenda Longonot. Kweli, ni kilomita 90 hivi tu kutoka jijini. Lakini kilele chake kina mita 2,776, njia ni majivu ya volkeno yanayoteleza, na huko juu hakuna kijito wala duka. Aliyeambiwa kuwa ni matembezi tu huja na viatu vya mjini na chupa moja ndogo. Saa saba mchana, jua la utosi, hana maji wala nguvu za kushukia. Basi aanzaye aambiwe kweli: mlima unapandika, ila kwa maji, kofia na heshima. Nauli yake isitufanye tumdanganye.