Ile Land Rover ya Mudzipela: tuinunue ao tuiache?



Tangu siku kumi hakuna habari ingine katika uwanja wa masomo yetu. Asubuhi mbele ya kengele, mchana wakati wa mapumziko, magaribi kwenye bomba la maji, ni paka Land Rover, Land Rover. Kuna waliokwisha kugawanya viti: nani atakaa mbele, nani atakaa nyuma. Na motokari yenyewe ingali inalala katika Mudzipela chini ya mwembe, majani yametokea madirishani, na kuku wanataga mayai nyuma ya kiti cha dereva. Sisi makapita tumeombwa kutoa shauri letu katika mkutano wa Siku ya Posho. Tumeona ni vema tuliandike kwanza, maana katika mkutano mwenye sauti kubwa njo anashinda.

Shauri letu ni hili: tuinunue, lakini si kwa bei ile inayoombwa, na si kwa kuitembeza barabarani.

Tuanze na feza, sababu ndiyo mahali watu hawapendi kuanza. Feza zile ni za matofali. Hakuna mfadhili aliyetupa hata franga moja. Tulichimba udongo, tukakanyaga, tukapanga tanuru mbili wakati wa likizo, na wengine wetu wangali na alama za moto mikononi. Katika sanduku kuna dola 1,140. Na tulipoanza kazi ile tulisema mbele ya wote kwamba ni kwa kutengeneza viti vya kuandikia. Tangu Desemba 2017, vita ilipowaka katika Djugu, kalasi zetu zimepokea wandugu waliokimbia vijiji vyao, na hatukupata kiti hata kimoja zaidi. Leo wanakaa wanne pahali pa wawili. Katika mwaka wa saba kuna watoto wanaoandika juu ya magoti. Fundi wa mbao anaomba dola 20 kwa kiti kimoja, tunahitaji 30, hiyo ni dola 600. Zinabaki 540.

Mwenye motokari anaomba 900.

Kwa hiyo yeyote anayepaza sauti “tununue, tununue” kwa bei ile, anamwambia mtoto wa mwaka wa saba: wewe kaa chini. Sisi hatuwezi kumwambia hivyo. Naye alibeba matofali, tena wengine walibeba wakiwa hawajamaliza mwezi mmoja katika mji huu.

Sasa motokari yenyewe. Tulikwenda kuitazama Siku ya Ine nyuma ya masomo, wanafunzi sita pamoja na Mwalimu wa mekanika. Mwenyewe alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuambia: “Batoto yangu, hii motokari iko muzima. Inakosa paka batri na esansi. Kutu ile iko ya juu juu.” Mwalimu hakujibu. Alitoa nyundo ndogo katika mfuko akatupa.

Kwa wale wasiojua, Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita kubwa ilikuwa imekwisha juzi tu. Katika Uingereza chuma kilikuwa kinagawanywa kwa kipimo, lakini aluminio ya kutengenezea ndege ilikuwa imebaki nyingi. Basi bodi wakaifanya ya aluminio, na shasi wakaifanya ya chuma. Njo sababu mtu anayeitazama kwa mbali anadanganyika. Milango haina kutu, mabawa hayana kutu, rangi ya kijani imepauka tu. Ugonjwa uko chini. Hii ya Mudzipela ina saa zake za kupimia katikati, si mbele ya dereva, kwa hiyo ni ya mbele ya 1971, mwaka walipoanza kutoa ile wanayoiita Series III. Usukani uko kuume, ni kusema iliingia kwa njia ya Uganda. Inapita nusu ya karne. Hata baba zetu wengi ni wadogo kuliko yeye.

Shasi yake ni kama sanduku refu: mabamba ya chuma yameshikanishwa kwa suduri, na ndani ni tupu. Matope mekundu ya barabara zetu yanaingia kwa matundu, yanakaa mle, yanashika maji miezi na miezi. Wale wa biokemia wanajua: chuma, maji na hewa, vikikutana vitatu, kutu inazaliwa, ukiondoa kimoja, haizaliwi. Katika sanduku lile vyote vitatu viko, na jua halifiki. Linaliwa kutoka ndani, na ngozi ya nje inabaki nzuri kama ngozi ya embe lenye funza.

Chuma kizima kikigongwa kinalia kama kengele yetu ya masomo, ambayo nayo ni rimu ya lori. Kilichooza kinajibu kama mti mbovu. Tulianza mbele: ngee, ngee. Katikati: ngee. Tulipofika nyuma kabisa, kwenye chuma kile kinachovuka toka kuume hata kushoto, pale panapofungwa trela, ilijibu: du. Mara ya pili nyundo iliingia ndani, ikatoka na unga mwekundu. Mwenyewe alisema ni udongo wa barabara. Dada mmoja wa biokemia, aliyekuwa wa kwanza kulala chini ya motokari (wavulana walikuwa wanaogopa siafu), aliusugua kati ya vidole akasema kwa heshima: “Papa, huu hauko udongo. Ni motokari yenyewe hii.”

Mikono mifupi inayotoka pembeni mwa shasi kushika bodi, miwili kati yake imekwisha pia. Na pale aluminio inapogusana na chuma, tulikuta unga mweupe: vyuma viwili tofauti na maji kati yao vinakuwa kama batri, na mwenye kuliwa ni aluminio. Tulifundishwa jambo hili mwaka uliopita, tukaandika katika kaye, tukapata pointi zetu. Hatukuwa tumeliona kwa macho hata siku moja.

Na motere? Hapo tulipata furaha. Land Rover za zamani zinaweza kuwashwa kwa manivele, kwa hiyo hata bila batri unaweza kujua kama motere imekamata. Tuliitia, tukaizungusha. Ilikuwa nzito, lakini ilizunguka. Ni motere ya esansi ya silinda nne, litre mbili na robo. Katika silinda tatu mkono unasikia pumzi inavyosukuma. Ya ine ni dhaifu sana, labda valvu zake hazifungi vizuri. Bwati ya viteze inaingia yote. Radiatere imetoboka. Mipira ni ya kutupa.

Basi tuseme wazi kwa wale waliogawanya viti. Kuirudisha barabarani maana yake ni kukata nyuma yote ya shasi na kuweka chuma kipya, na fundi wa suduri hafanyi kazi ile kwa maombi. Maana yake ni mipira mitano, batri, radiatere, freni zote, kisha vinyete, asiransi na kontroli. Na ukiisha hayo, inakunywa litre 16 hata 20 kwa kilomita 100. Wale wanaoimba kwamba tutapeleka ekipe ya mpira Kasenyi kuona ziwa, kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 100: wahesabu esansi kwa bei ya leo, kisha watuambie nani atalipa. Zaidi, shasi iliyooza inaweza kuvunjika njiani na watu ishirini juu, sababu tunajifahamu, hatutapanda watano. Mwalimu wa dini alituuliza kama tumesoma habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara. Tumesoma.

Wengine wanatuonyesha picha katika telefone: wazungu wanaotengeneza motokari za zamani mpaka zinang’aa. Ni kweli. Mwaka wa 2016 kiwanda cha Land Rover chenyewe kilianza kutengeneza upya zile za kwanza kabisa. Na kwa jirani zetu wa Kenya, tangu 2003 kuna mashindano ya motokari za kale, East African Safari Classic Rally. Lakini wale wanafanya kwa feza zilizobaki nyuma ya mahitaji. Sisi zetu hazijabaki.

Kama ni hivyo, mtauliza, kwa nini tusiseme tuiache tu?

Sababu ya ubao. Ndugu zetu wa mekanika wanajifunza motere kwa chaki. Piston inachorwa ubaoni, tunainakili, kengele inalia, inafutwa. Moja, tatu, ine, mbili: kila mmoja anakutajia namna silinda zinavyowaka hata ukimwamsha usiku. Lakini mpe bugi mkononi na umuulize inakaa wapi. Kuna finalisti watakaoingia Egzamen d’Eta mwaka huu bila kugusa valvu hata moja, na nyuma ya hapo wataandikwa katika diploma kuwa watu wa mekanika. Halafu wanakwenda garaji pale karibu na Boulevard de la Libération, wanakuta mtoto wa miaka kumi na mine ambaye hakumaliza hata shule ya musingi, naye anawacheka. Anacheka kwa haki. Tumeliona hili kwa wakubwa wetu wa mwaka jana, na wawili kati yao leo ni motari wa taksi-moto. Si kazi ya haya, lakini hawakuja masomo kwa ile.

Motokari ile, ikiwa haitatembea tena, inakuwa kitabu. Tunaweza kuifungua yote, bulo kwa bulo, na kuifunga tena, na mwaka unaofuata wengine wakaifungua. Motere inaweza kukaa juu ya meza ya miti katika atelie na kuwashwa pale pale, bila mipira, bila vinyete, bila polisi wa barabara. Kutu yake ni somo la kemia: wa biokemia wanaweza kujaribu maji ya ndimu juu ya kipande kimoja na batri na soda juu ya kingine, waone kipi kinatoa kutu upesi. Na Land Rover ile inafaa kwa kazi hii kuliko hizi motokari mpya, sababu haina kompyuta. Kila kitu ndani yake kinaonekana kwa macho na kinafunguliwa kwa ufunguo.

Lakini kitabu hakinunuliwi kwa bei ya motokari. Wanunuzi wa vyuma vya zamani wangeipima kwa kilo, na milango ile ya aluminio ingeyeyushwa ikawa sufuria. Mwenyewe anajua. Kwa hiyo sisi tunasema dola 450, tena mwisho. Zitabaki 90 kwa ajili ya mafuta, esansi ya kuoshea vyombo, bugi ine na jointi. Akikataa, tunamshukuru, tunamwagiza salamu za nyumba, tunakwenda zetu. Vile mwembe uko pale na mvua iko pale, tunafikiri ataturudia mbele ya mwezi wa tisa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalipita mbio, nalo ni karte roze. Karte ile ipo, tumeiona, lakini jina lililo ndani si lake. Ni la kaka yake mkubwa aliyekufa, na marehemu aliacha watoto. Mzee anasema hawana neno. Inawezekana. Lakini hatutaki siku moja kijana atoke Aru ao Mahagi na kusema “ile ni motokari ya papa yangu”, nasi tumekwisha kuifungua vipande mia tatu. Watoto wa marehemu waitwe, wakubali kwa maandishi, na shefu wa kartie atie kashe. Bila karatasi ile hata kwa dola 100 tusiichukue. Bwana Prefe anakubaliana nasi katika hili.

Neno la mwisho ni kwa finalisti wenzetu, na tunajua halitawafurahisha. Sisi tunatoka mwezi wa saba. Motokari itabaki. Watakaofagia atelie, watakaotafuta bulo zilizopotea, watakaoeleza kwa wazazi kwa nini ile chuma iko pale, ni wa mwaka wa kwanza na wa pili na wa tatu. Tunaomba basi kwamba Siku ya Posho wapige kura wao, na sisi wa mwaka wa mwisho tukae tukisikiliza. Mmoja wetu amesema hii ni dhuluma, kwani sisi njo tulipika matofali mengi zaidi. Ni kweli tulipika mengi. Matofali yale yalikuwa ya viti, na viti vinakuja, ao wakubali motokari ao waikatae.

Nyundo iko kwa kapita wa bweni la wavulana. Anayesema shasi ni nzima aichukue, aende Mudzipela, aombe ruhusa ya Papa, agonge nyuma kabisa upande wa kushoto. Mkutano ni saa ine nyuma ya ibada, chini ya miti, mvua ikinyesha tutaingia katika kalasi ya sita.

Kapita wa shule
Mwaka wa mwisho