Mizani ya Kliniki si Shahidi

Katika kliniki zetu za kusini, tangu Diani mpaka Msambweni na Lungalunga, mtoto akishapimwa uzito muuguzi hutia alama katika kitabu chake, na alama hiyo hugeuka maneno ya mtaa mzima. Akina mama waliokaa benchi moja hulinganisha: wangu yuko juu, wako yuko chini. Mwenye mtoto wa chini hurudi nyumbani mnyonge, na kabla ya Magharibi ameshapata ushauri wa watu kumi: mpe uji, mnunulie maziwa ya kopo, mpeleke kwa mganga.

Mimi naona ubaya hauko katika kitabu. Uko katika namna tunavyokisoma.

Mistari ile ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kabla yake vilitumika vipimo vya mwaka 1977 vya watoto wa Marekani, ambao wengi wao walilelewa kwa chupa. Mtoto wa kunyonya alipopimwa kwavyo alionekana amepunguka, hali ni mzima. Vipimo vya 2006 vilitokana na watoto wapatao 8,500, wenye afya na wa kunyonya, wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Basi asemaye kuwa hicho ni kipimo cha Wazungu tu, akumbuke kuwa wamo na watoto wa Maskati, mji ambao wengi wetu tuna jamaa zetu.

Na maana ya mistari ni nini? Chukua watoto 100 wazima wa umri mmoja, uwapange kwa uzito. Aliye wa 15 kutoka chini aweza kuwa mzima sawasawa na aliye wa 85. Vidole vya mkono havilingani, na mtoto wa watu wembamba hana kosa kuwa mwembamba. Kinachotazamwa zaidi ni mwendo. Mtoto aliyefuata njia yake mwezi baada ya mwezi, kisha akasimama au akashuka, huyo ndiye wa kushughulikiwa upesi. Dalili ya mvua ni mawingu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 18 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Si jambo la kupuuza.

Hapo ndipo nina ugomvi na desturi yetu moja. Mtoto akidhoofu, Wadigo husema ana chirwa, na Waswahili husema kabemendwa, yaani mmoja wa wazazi amevunja miiko ya ndoa. Mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama. Nyumba hutikisika, dawa za miti shamba hutafutwa, na wiki zinapita huku mtoto ana malaria, minyoo, kuharisha au njaa tu. Dini yetu imekataza vikali kumtuhumu mwanamke mwema pasipo mashahidi wanne. Iweje mizani ya kliniki igeuzwe shahidi wa zinaa?

Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, imempa baba jukumu la kumlisha na kumvika mama, na imetaka kuachisha ziwa kuwe kwa ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Waganga wa hospitali nao wanasema ziwa peke yake miezi 6 ya mwanzo, kisha chakula laini pamoja na ziwa hadi miaka 2 na zaidi. Hayo hayagombani. Na chakula chenyewe si cha kuagizwa ng'ambo: dagaa wa kusaga, kunde, mayai, boga na papai.

Kwa hiyo, akina baba, tusingoje habari za benchi. Twendeni kliniki, tukisome kitabu wenyewe, tumwulize muuguzi: mwezi uliopita mtoto alikuwa wapi, na leo yuko wapi? Jibu la swali hilo lina faida kuliko tuhuma za mtaa mzima.