Godoro la Mtoto Lianikwe Wapi?

Mzazi wa Kariakoo mwenye mtoto wa pumu hakawii kumtaja adui: vumbi la barabarani. Hufunga madirisha upande wa mtaa, hupiga deki mara mbili kwa siku, na mtoto akianza kukohoa humwambia aende chumbani akapumzike kitandani. Kisha usiku wa manane, maduka yamefungwa na mikokoteni imelala, kifua cha mtoto huanza kulia kama filimbi. Pumu ina sababu zaidi ya moja za kuzidi usiku, lakini mojawapo iko chini ya mgongo wa mtoto huyo, ndani ya godoro alilopelekwa kupumzikia.

Sababu hiyo ni utitiri wa vumbi. Wafugaji wanaujua utitiri wa kuku, ule umtambaao mtu aingiapo bandani. Huu wa vumbi ni wa ukoo huo, ila hauumi, na kwa kuwa urefu wake ni kiasi cha theluthi moja ya milimita, huuoni. Chakula chake ni vigamba vya ngozi vitupukutikavyo kila siku. Haunywi maji, hufyonza unyevu wa hewani. Hapo ndipo jiji letu linapoukirimu. Wataalamu wanatueleza kwamba hewa ikiwa na unyevu chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu utitiri hukauka ukafa, na kwamba hustawi mno penye joto la kiasi cha nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70 hadi 80. Ni usiku gani wa Dar es Salaam usiofanana na maelezo hayo?

Kimdhurucho mtoto hasa ni kinyesi cha mdudu huyu. Kina protini ambazo mwili wa mwenye mzio huzipiga vita: pua hutiririka, macho huwasha, njia za pumzi huvimba na kubana. Kwamba utitiri ndio chanzo cha mzio wa vumbi la nyumbani ni jambo lililoonyeshwa na Voorhorst na Spieksma wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1964. Kabla ya hapo madaktari walijua tu kuwa vumbi la nyumbani lina kitu. Hawakujua ni kitu gani.

Wazee wetu hawakusoma habari za Leiden, lakini walikuwa na dawa yake. Nyumba ya Kariakoo ya zamani ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Kunguni walipozidi, vitanda vilitolewa uani, magodoro ya sufi na ya usumba yakaanikwa juani kutwa na kupigwa fimbo. Nia ilikuwa kunguni. Utitiri nao ukafia humo humo bila kutajwa jina. Mwaka 1994 watafiti wa Sydney, Australia, walionyesha kwamba zulia likiachwa katika jua kali kwa saa kadhaa, utitiri wote uliomo unaweza kufa.

Leo uani uko wapi? Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine na kuinuka maghorofa: chini duka, katikati stoo, juu wapangaji. Kibaraza kina nondo na upana wa beseni. Paa lina matangi ya maji na mlango wenye kufuli. Godoro huingia nyumbani siku ya kununuliwa na halioni jua tena mpaka siku ya kuhama. Kwa maoni yangu suala hili si la mama wa nyumba peke yake. Mwenye nyumba anayetoza kodi ya ghorofa ya tano anaweza kuwapa wapangaji ufunguo wa paa kwa zamu, Jumamosi hawa, Jumapili wale, kukiwa na ukuta wa kuzuia watoto wasianguke. Wapangaji nao wanaweza kumwendea kwa umoja wao, maana ombi la mmoja husahauliwa ngazini.

Ukilipata paa, anika tangu asubuhi, geuza adhuhuri, kisha likung'ute godoro mtoto akiwa mbali, kwa sababu jua huua mdudu lakini kinyesi chake hubaki. Angalizo moja: chandarua chenye dawa kisifuatane na godoro juani. Hicho hukaushwa kivulini, kwani jua huidhoofisha dawa yake, na malaria bado tunayo.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki. Maji ya moto wa nyuzi 60, ambayo mkono hauyavumilii, huua utitiri. Lakini najua bei ya mkaa na gesi. Maji baridi na sabuni huondoa sehemu kubwa ya kile kinyesi, na jua na pasi vikafanya yaliyobaki. Wapo wanaochekwa kwa kuliacha godoro la sponji katika nailoni yake ya dukani. Wasichekwe, ingawa joto lake ni la adhabu. Bora zaidi ni mfuko wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, wenye zipu, ufunike godoro pande zote. Fundi cherehani hawezi kushindwa kuushona. Huko Uingereza, utafiti uliotangazwa mwaka 2017 uliwapa watoto 284 wenye pumu na mzio wa utitiri mifuko ya kitandani, baadhi ya kuzuia utitiri na baadhi ya kawaida. Katika mwaka mmoja, kiasi cha asilimia 29 ya wale wa kwanza walifika hospitali kwa kuzidiwa, na asilimia 41 ya wa pili. Tofauti hiyo si ndogo, lakini hata waliokingwa wengine walizidiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, godoro safi lisikufanye uache dawa. Usimpulizie mtoto chumbani dawa ya wadudu. Harufu yake yenyewe huweza kubana kifua. Na ile hofu kwamba dawa ya kuvuta humzoeza mtoto asiweze kuishi bila yake haina msingi. Muulize daktari ipi ni ya kutuliza akibanwa na ipi ni ya kukinga kila siku, maana wengi hununua ya kwanza tu, na ya pili ndiyo ipunguzayo uvimbe. Si kila pumu inatokana na utitiri. Mende na moshi nao wana sehemu yao.

Asiyepata paa wala ufunguo na aanze na mto, kwa kuwa pua hulala juu yake usiku kucha. Mto wa sufi wa miaka mingi utupwe, mpya uvishwe mfuko wa zipu chini ya foronya. Kisha uanikwe kila wiki. Mto hupita hata kwenye nondo za kibaraza.