Binti Aliyeshika Kasia



Kila mtu aliyepata kusimama alfajiri kando ya ziwa Kivu au Tanganika amewaona wavuvi wetu wakipiga kafi, nyuso zao zikielekea kule waendako. Lakini uko upigaji mwingine, ule wa mashindano, ambamo wapiga kasia hukaa wakiupa mgongo mwendo wao. Hawaoni waendako, huona maji waliyokwisha kuyapita. Katika chombo cha watu wanane, aonaye mbele ni mshika usukani peke yake, na wote humtii. Leo twataka kuwasimulia habari za binti mmoja aliyejifunza kazi hiyo akiwa mwanachuo.

Jina lake ni Anita DeFrantz, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1952 na kulelewa Indianapolis. Siku zile wasichana wa shule walipewa nafasi chache sana za kushindana katika michezo. Naye alipoingia Connecticut College, mwaka 1970, hakuwa amepata kushika kasia. Mwaka uliofuata aliona chombo kirefu, chembamba, kimewekwa nje. Akamwuliza mtu aliyekuwa karibu nacho: Hiki ni kitu gani? Kumbe mtu yule alikuwa ndiye mwalimu wa wapiga kasia, naye akamwambia kwamba mchezo huo ungemfaa kabisa. Tazameni, basi: safari nzima ilianza kwa swali moja la mwanafunzi asiyeona haya kuuliza.

Alimaliza chuo mwaka 1974, akaenda Philadelphia kusomea sheria. Hakuacha kitabu kwa ajili ya kasia, wala kasia kwa ajili ya kitabu. Mwaka 1976 michezo ya Olimpiki ilifanyika Montreal, katika Kanada. Wanaume walikuwa wakishindana humo kwa makasia tangu mwaka 1900. Wanawake walingoja miaka 76. Tena walipokubaliwa walipewa mwendo wa mita 1000 tu, hali wanaume walikwenda mita 2000. DeFrantz alikuwa mmoja wa wale wanane wa Marekani. Wajerumani wa Mashariki walitangulia, Warusi na wenzao wa Umoja wa Kisovyeti wakafuata, na Wamarekani wakawa wa tatu, wakavikwa medali ya shaba. Mwaka 1977 alimaliza masomo ya sheria, na mwaka 1978 akapata medali ya fedha katika mashindano ya dunia.

Alikuwa akijitayarisha kwa Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980, ndipo likaja jaribu. Majeshi ya Kisovyeti yalikuwa yameingia Afghanistan mwishoni mwa mwaka 1979, na Rais Carter akataka Wamarekani wasiende Moscow. Kamati ya Olimpiki ya nchi yao ikakubali. DeFrantz akaona kwamba wanamichezo wananyimwa haki yao. Akaungana na wenzake, wakaipeleka kamati hiyo mahakamani. Wako waliomchukia kwa neno hilo. Hakimu akaikataa daawa yao, na miaka ile ya mazoezi ikapita bila mashindano.

Je, alipotewa na yote? Hasha. Mwaka ule ule wa 1980 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilimpa nishani ya heshima. Mwaka 1986 ilimwita awe mmoja wa wajumbe wake: Mmarekani mweusi wa kwanza, na mwanamke wa kwanza wa nchi yake. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1894, nayo haikuwa na mjumbe mwanamke hata mmoja mpaka mwaka 1981. Mwaka 1997 akawa makamu wa rais wake, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Humo alitetea nafasi ya wanawake katika michezo. Na wapiga kasia wanawake je? Tangu Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 huenda mita 2000, sawasawa na wanaume.

Wahenga walisema: chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Ninyi wanafunzi, mara nyingi mwakaa kama wapiga kasia wale: mwaona mwaka uliopita na jasho lake, wala hamwoni mwisho wa masomo yenu. Vuteni tu, kila mmoja pamoja na wenzake. Nanyi wazazi, binti akiuliza, Hiki ni kitu gani?, msimwambie kwamba hakimhusu. Yule mwalimu wa Connecticut angaliweza kujibu hivyo, na chombo kingalibaki pale nje.